Mji Ukipungukiwa na Watu, Nani Aamue Taa Ipi Izimwe?

Sisi wa pwani tumezoea kulalamikia miji inayojaa. Foleni za magari haziishi, feri ya Likoni watu wamebanana, na kiwanja kilichokuwa cha nyumba moja leo kina nyumba nne. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa. Kwa hivyo nikisema leo nataka tuzungumze juu ya miji inayopungukiwa na watu, una haki ya kuuliza: hilo latuhusu nini?

Latuhusu kwa sababu miji hiyo imelazimika kujibu swali ambalo sisi pia huulizwa kila mwaka wa bajeti, ila kwetu huulizwa kwa sauti ya chini. Pesa hazitoshi huduma zote. Kuna shule itafungwa, kuna barabara haitatengenezwa, kuna mtaa gari la taka halitafika. Nani aamue? Na mwenye kuishi hapo aambiwe lini, kabla ya uamuzi au baada yake? Mji unaokua waweza kulikwepa swali hilo kwa miaka mingi. Mji unaopungua hauna pa kulikwepea, na ndiyo maana una mengi ya kutufunza.

Mabomba hayafupiki

Miji hupungua kwa sababu zinazojulikana. Kiwanda au mgodi hufungwa. Vijana hufuata kazi kwengine. Wazazi hupata watoto wachache kuliko babu zao. Wenye uwezo huhamia vitongoji vya nje ya mji. Mara nyingi mambo haya huja pamoja.

Shida yenyewe si uchache wa watu, maana kuna miji midogo inayoishi vizuri tu. Shida ni kwamba mji uliojengwa kwa watu laki moja na nusu, ukibaki na elfu sitini, haukunjiki kama mkeka. Barabara ni zile zile, mabomba ya maji taka ni yale yale, na gari la zimamoto lapaswa kufika kule kule. Chukua mtaa wa nyumba kumi ambazo nane ni tupu. Gari la taka litaupita mtaa wote, lakini walipaji kodi ni wawili. Manispaa ikipandisha kodi, mwenye uwezo ahama. Mzigo wake wawaangukia waliobaki, nao kwa kawaida ni wazee na wanyonge. Nyumba tupu nayo haikai kimya. Huibwa milango na nyaya, huchomwa moto, hugeuka maficho, na thamani ya nyumba ya jirani yaanguka pamoja nayo.

Viongozi wanaofikwa na hali hii wana njia tatu. Ya kwanza ni kukana: wajenge kitu kikubwa cha kupendeza wakitumai watu watarudi. Ya pili ni kuamua ofisini halafu kuutangazia umma. Ya tatu ni kuketi na wakaazi mapema, hesabu zikiwa mezani. Nitakupitisha katika miji minne iliyojaribu njia hizi, tuone kilichotokea.

Youngstown: kukubali ukweli hadharani

Youngstown ni mji wa chuma katika jimbo la Ohio, Marekani. Tarehe 19 Septemba 1977, kampuni ya Youngstown Sheet and Tube ilitangaza kufunga kiwanda chake kikubwa, na watu karibu 5,000 wakapoteza kazi. Wenyeji wa huko bado huiita siku hiyo Jumatatu Nyeusi. Viwanda vyengine vikafuata. Mji uliokuwa na watu 170,000 mwaka 1930 ulikuwa na 82,000 tu kufikia mwaka 2000.

Kwa zaidi ya miaka ishirini, kila aliyegombea uongozi aliahidi kuwa viwanda vitarudi. Mwaka 2002 manispaa na chuo kikuu cha mji huo walifanya jambo jengine. Waliwaita wakaazi wapange mji kama ulivyo, si kama ulivyokuwa. Watu zaidi ya elfu moja walijaa ukumbini. Mpango uliotokana na mikutano hiyo, ulioitwa Youngstown 2010, ulipitishwa mwaka 2005, na jambo la kwanza ndani yake lilikuwa kukubali kwamba Youngstown ni mji mdogo. Mwaka 2007 ulipewa tuzo ya kitaifa ya chama cha wapangaji miji wa Marekani kwa jinsi ulivyowashirikisha watu.

Lakini tuzo haizibi bomba. Manispaa ilitoa fedha kwa waliokuwa wamebaki peke yao katika mitaa mitupu ili wahamie penye watu, na walioitikia walikuwa wachache mno. Mama aliyelea watoto wake katika nyumba hiyo, akapanda miti yake na kuzika wazazi wake karibu, haoni kuwa mtaa wake ni mtupu. Yeye yumo. Mpango pia ulikosa mikono ya kuutekeleza. Hali ilianza kubadilika mwaka 2009 lilipoundwa shirika la maendeleo ya mitaa, YNDC, lililoanza na mtaa wa Idora na kufanya kazi barabara baada ya barabara: kuziba madirisha ya nyumba tupu, kubomoa zisizofaa, kukarabati zinazofaa, kulima bustani katika viwanja vilivyobaki.

Tuwe wakweli: watu hawakurudi. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 60,000 hivi. Kuwashirikisha wakaazi hakuujazi mji upya. Kazi yake ni kuwafanya waliobaki waishi kwa heshima.

Detroit: hasira iliyogeuka kuwa ramani

Detroit, mji wa magari, ulikuwa na watu 1,850,000 mwaka 1950. Mwaka 2010 walikuwa wamebaki 713,777. Mwaka huo meya Dave Bing alieleza wazi kuwa manispaa haiwezi tena kuihudumia kila pembe, na kwamba watu wa mitaa iliyokwisha wahimizwe kuhamia kwenye mitaa yenye nguvu.

Kwa mhasibu, maneno hayo yaingia akilini. Kwa wakaazi weusi wa Detroit yalikuwa na maana nyengine. Wazee wao walikuwa wameuona mtaa wa Black Bottom ukibomolewa katika miaka ya 1950, na barabara kuu ikapitishwa juu yake, kwa jina hilo hilo la kuufanya mji upya. Kwa hivyo ilipoitishwa mikutano ya hadhara Septemba 2010, watu walifurika wakiwa na hasira. Wataalamu walitaka kuzungumza juu ya miaka hamsini ijayo. Watu walitaka kujua kwa nini taa ya mtaani kwao haiwaki na kwa nini basi haliji.

Wapangaji hawakuacha kazi, ila walibadilisha mwendo. Badala ya kuwangoja watu ukumbini waliwafuata walipo. Walifungua ofisi ambayo mtu aweza kuingia tu kutoka barabarani akauliza lake, na wakatengeneza meza ya kukunjwa iliyohamishwa huku na kule ili mpita njia aketi aseme. Mpango uliotolewa Januari 2013, kwa jina la Detroit Future City, ulijengwa juu ya mazungumzo yapatayo 30,000. Haukumlazimisha mtu yeyote kuhama.

Julai 2013 Detroit ikatangaza kufilisika. Wakati huo, katika taa 88,000 za barabarani, karibu asilimia 40 hazikuwaka. Hapo ndipo swali la kichwa cha makala haya lilipoulizwa kwa dhati. Mji haukuweza kuziwasha zote, na baadhi hazikuhitajika tena. Ingekuwa rahisi kuacha mitaa mizima gizani. Njia iliyofuatwa ilikuwa kupunguza idadi lakini kugawa kwa kanuni moja kwa kila mtaa: taa katika kila pembe ya barabara, na nyengine katikati palipo parefu. Kufikia mwisho wa 2016 ziliwekwa taa mpya 65,000. Ni chache kuliko zamani, lakini zawaka, na kila mtu aijua kanuni iliyotumika.

Majira ya baridi ya 2013 kuingia 2014, wakaazi wenyewe waliajiriwa kuhesabu magofu. Walikwenda kwa magari, wakipiga picha na kujaza taarifa kwa tableti. Walipita viwanja 380,000 hivi, mji mzima. Walipata majengo na viwanja zaidi ya 84,000 vilivyoharibika au vilivyoanza kuharibika. Kabla ya hapo kila mmoja alikuwa na takwimu yake kichwani. Baada ya hapo kila mtaa uliweza kuonyesha kwenye ramani gofu lipi libomolewe kwanza. Na kiwanja kitupu kilichogusana na nyumba yako uliweza kukinunua kwa dola 100 ukapanda mboga au ukawatengezea watoto mahali pa kuchezea. Jirani ndiye mlinzi asiyelala.

Hata hivyo kuna doa kubwa. Wakati mikutano hiyo ikiendelea, maelfu ya familia yalinyang'anywa nyumba kwa malimbikizo ya kodi. Baadaye ilibainika kwamba nyumba nyingi zilikuwa zimekadiriwa thamani ya juu kuliko sheria ilivyoruhusu. Hesabu hizo za kodi zilifanywa ofisini na hazikuletwa kwenye meza ile ya kukunjwa. Wakaazi walialikwa kuchora mji wa kesho huku wakifukuzwa katika nyumba za leo. Kwangu mimi hili ndilo funzo kubwa la Detroit: uliza daima ni uamuzi upi ambao hukuitwa kuujadili.

Mwaka 2024 makadirio rasmi yalionyesha kwamba idadi ya watu wa Detroit iliongezeka kidogo mwaka uliotangulia, kwa mara ya kwanza tangu 1957.

Yubari: deni lilipoamua

Yubari, kaskazini mwa Japani, ulikuwa mji wa makaa ya mawe. Mwaka 1960 ulikuwa na watu 116,000 na ushei. Mgodi wa mwisho ulifungwa 1990. Viongozi walishika njia ya kukana. Walikopa, wakajenga viwanja vya starehe na mahoteli kuvutia watalii. Watalii hawakutosha, na deni likafichwa katika vitabu vya hesabu hadi 2006, mji ulipokiri umefilisika ukiwa na deni la yeni bilioni 35.

Kuanzia 2007 serikali kuu ilisimamia kila senti. Kodi na ada zikapanda. Zaidi ya nusu ya wafanyikazi wa manispaa wakaondoka. Shule za msingi zikaunganishwa ikabaki moja. Hospitali ikageuzwa zahanati ya vitanda 19. Hakuna mkaazi aliyeulizwa lipi lianze, kwa sababu mwenye deni haulizwi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Yubari haikuwa hata na pesa za ukuta.

Mabadiliko yalianza pale mji ulipokuwa umebaki na kidogo sana cha kupunguza. Mwaka 2011 walimchagua Naomichi Suzuki, kijana wa miaka 30 aliyekuwa ametumwa kutoka Tokyo kusaidia ofisi ya mji. Chini yake pamoja na wataalamu wa chuo kikuu ulifanyika mpango wa kuukusanya mji pole pole. Katika mtaa wa Mayachi, majengo ya nyumba za umma yalikuwa nusu tupu, na baridi ya huko yajulikana. Baada ya kuzungumza na wakaazi, walisogezwa katika majengo machache ya mtaa ule ule. Angalia busara yake. Mzee hakutolewa mtaani akapelekwa mahali asipojua mtu. Alihama jengo, akabaki na jirani yake. Leo Yubari ina watu chini ya 7,000.

Leipzig: nyumba za walinzi

Ukuta wa Berlin ulipoanguka 1989, miji ya mashariki mwa Ujerumani ilianza kumwaga watu kuelekea magharibi. Kufikia 2000, tume ya serikali ilihesabu nyumba milioni moja tupu katika sehemu hiyo ya nchi. Leipzig, uliokuwa na watu 530,000, ulipoteza karibu laki moja katika miaka kumi, na majumba yake mazuri ya kale yakaanza kuoza.

Mwaka 2004 kundi la wakaazi lilianzisha chama kiitwacho HausHalten. Wazo lao lilikuwa jepesi. Mwenye nyumba asiyeweza kuikarabati aliikabidhi kwa watu wa kuitumia kwa miaka mitano hivi. Hawakulipa kodi, ila gharama za maji, umeme na matunzo, nao walizuia paa lisivuje na bomba lisipasuke. Wasanii, mafundi na wanafunzi wakaingia. Nyumba hizo ziliitwa nyumba za walinzi, maana walioishi humo ndio walioilinda nyumba isife.

Sehemu ya pili ya kisa hiki haisimuliwi sana. Leipzig imejaa tena, ina watu zaidi ya 600,000, kodi za nyumba zimepanda, na wengi kati ya walioziokoa nyumba zile hawawezi tena kuishi karibu nazo. Mkataba wa muda ulimlinda mwenye nyumba na ulilinda jengo. Haukumlinda mlinzi.

Kikao cha kweli na kikao cha soda

Ukiviweka visa hivi pamoja, waweza kutofautisha ushirikishaji wa kweli na ule wa kutia sahihi.

Hesabu huja kwanza, tena kwa lugha ya watu. Mkaazi hawezi kuchagua kati ya taa na zahanati ikiwa hajui gharama za kila moja. Yubari ilifilisika kwa sababu hesabu zilifichwa. Detroit iliinuka ilipoamua kuhesabu, na waliohesabu walikuwa watu wa mitaa yenyewe.

Kikao pia hufanyika wakati jambo bado laweza kubadilika. Nimeketi katika vikao vya umma hapa pwani ambapo kitabu cha kurasa mia kadhaa, kilichoandikwa kwa Kiingereza, kiligawiwa asubuhi ile ile, na mchana tukaambiwa tutoe maoni. Tulitia sahihi, tukanywa soda, tukapewa nauli. Miezi baadaye sahihi zetu zilikuwa ushahidi kwamba "wananchi walishirikishwa". Hakuna aliyeturudia kutwambia lipi letu lilikubaliwa, lipi lilikataliwa, na kwa nini. Kikao kisichorudisha jibu ni mahudhurio tu.

Zaidi ya hayo, panapohitajika kuhama, watu wahame wakiwa pamoja, na kwa hiari. Na anayeubeba mji wakati wa dhiki awe na fungu lake, kwa maandishi, neema ikirudi.

Na sisi je?

Kupungua kwa miji si kigeni pwani. Takwa, katika kisiwa cha Manda, ulikuwa mji wenye msikiti, nyumba za mawe na ukuta. Katika karne ya 17 wenyeji waliuhama, na sababu zinazotajwa ni maji ya visima kuingia chumvi na ugomvi na Pate. Walivuka mlango wa maji wakakaa Shela. Mji ulikwisha lakini jamii haikukatika, na watu wa Shela wamedumisha desturi ya kuvuka kurudi Takwa kuomba dua ya mvua penye kaburi la mnara.

Leo kupungua kwetu kumejificha ndani ya kukua. Mombasa yaongezeka, lakini zitazame familia za Mji wa Kale zinazohamia bara kwa sababu ukarabati wa nyumba ya kale ni ghali na warithi ni wengi. Lamu yaongezeka, lakini Mkomani kuna nyumba za mawe zilizouzwa kwa wageni, ambazo hufungwa sehemu kubwa ya mwaka. Mtaa unaweza kubaki na majengo mazuri yanayopigwa picha kila siku na usiwe na mtoto wa kwenda chuoni. Ukifika hapo, ofisi fulani itasema shule ya mtaa haina wanafunzi wa kutosha, na itakuwa kweli.

Ndipo sheria itakapotufaa, tukiijua. Kifungu cha 184 cha Katiba ya 2010 chataka wakaazi washiriki katika uongozi wa miji yao. Sheria ya Miji ya mwaka 2011 imeweka vikao vya wananchi na haki ya mkaazi kuwasilisha malalamiko na mapendekezo. Kifungu cha 196 chalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Kifungu cha 35 chakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na hicho ndicho cha kuanzia, kwa kuwa hutaweza kujadili usichokijua.

Basi nina ombi kwa mabaraza ya mitaa, kamati za misikiti, vikundi vya akina mama na vijana. Msingoje kualikwa. Anzeni kuhesabu wenyewe: nyumba ngapi mtaani hazina watu, ngapi ni za mirathi isiyogawanywa, watoto wangapi wako shule ya karibu, taa ngapi haziwaki. Kazi hiyo yahitaji vijana wawili, simu moja na daftari. Kisha daftari hilo lipelekwe kwa mwakilishi wa wadi kabla bajeti haijafungwa, nakala ibaki mtaani, na muulize kwa maandishi: katika haya, lipi mtalifanya mwaka huu, na lipi mmeamua kuliacha?